Siku Bi Kioo Alipokodi Mashine

Asubuhi ile kabla hata hajafumbua macho vizuri, Bi Kioo alijikuta anacheka peke yake kitandani. Mumewe akageuka, akamuuliza kama anaumwa.

"Naumwa furaha," akajibu, akateremsha miguu taratibu, maana magoti yake hayakuwa na habari na furaha ya mtu.

Jina la Bi Kioo hakupewa na wazazi. Lilimkuta kazini. Tangu usichana wake alikuwa akipiga sakafu polishi: zahanati, ofisi, ukumbi wa harusi, nyumba za watu. Alikuwa na kopo lake la nta, kitambaa chake cha flaneli, na mkono uliokwenda na kurudi bila kuchoka. Sakafu aliyoipitia yeye ungeweza kujitazama meno. Wenye nyumba walikuwa wakiwaonya wageni mlangoni, "Vua viatu, kapita Bi Kioo," na mgeni akivua kwa heshima kama anayeingia mahali pa ibada. Kwa namna hiyo aliijua dunia kutoka chini, kwa urefu wa miguu ya viti. Alizijua nyufa za nyumba za wakubwa kabla hajazijua sura zao.

Kisha magoti yakakataa. Daktari aliyatazama, akayakunja, akayakunjua, akayasikiliza yanavyolia.

"Mama, bawaba hizi hazihitaji mafuta. Zimekwisha. Ukiendelea kuzipigiza sakafuni, muda si mrefu utakuwa mtu wa kubebwa."

Bi Kioo alirudi nyumbani akakaa. Alikaa siku nyingi, akitazama mikono yake ambayo haikuwa na kosa lolote. Kazi nyingine hakuijua. Biashara ilimshinda, kwa sababu alikuwa akiwapa watu vitu bure. Alichokijua ni sakafu, na sakafu iko chini.

Ndipo Mama Maziwa alipomletea habari yake. Mama Maziwa alikuwa mwanamke kijana aliyenunua maziwa kwa wafugaji, akayapoza kwenye matangi na kuyauza mjini. Sakafu ya chumba chake cha matangi, ile ile nyekundu ambayo Bi Kioo alikuwa akiing'arisha tangu ilipojengwa, ilikuwa imeanza kuliwa. Maziwa yakimwagika huchacha, na yakichacha hula saruji polepole kama panya. Nta haizuii kitu. Mama Maziwa alitaka ipakwe ile rangi ngumu inayochanganywa ya makopo mawili, ambayo ikikauka inakuwa kama sahani.

"Nitaita kampuni," alisema. "Wanakuja na mashine, wanaisaga sakafu kwanza, ndiyo wanapaka."

"Nipe mimi," Bi Kioo akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

"Shangazi, si umekatazwa kupiga magoti?"

"Mashine inasukumwa kwa kusimama. Nimewaona. Rangi nayo inapakwa kwa brashi ya kuzunguka yenye mpini mrefu. Nitakodi mashine."

Mama Maziwa alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimkera Bi Kioo kuliko kama angetukanwa. "Haya. Kisage chumba cha matangi. Ukikiweza, ghala na vyumba vya nyuma ni vyako vyote. Ukishindwa, shangazi yangu, usininunie, naita kampuni."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Chumba kile kikimkubali, atakula jasho lake akiwa amesimama. Kikimkataa, atarudi kukaa.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa akifanya naye kazi ya polishi miaka yote. Wifi alikuwa mwanamke mnene, mwepesi, mwenye mdomo usio na mlango.

"Sisi? Kuendesha mashine? Wifi, mimi hata cherehani inanichoma sindano."

"Wewe utashika waya usikanyagwe. Mashine ni yangu."

Siku moja kabla, walitoa nta yote ya zamani kwa maji ya moto na magadi, wifi akisugua chini, Bi Kioo akisukuma fagio la mpini mrefu. Nta Bi Kioo aliijua kama mama amjuavyo mtoto mtukutu: ikipata joto inayeyuka, inakimbia, inajificha kwenye vitundu. Mashine ingeisambaza tu. Kwa hiyo waliitoa hadi maji ya kusuuzia yakatoka meupe, wakaacha chumba kikauke usiku kucha.

Asubuhi ya kicheko, basi, wakafika yadi ya kukodisha mitambo. Mwenyewe aliitwa Baba Vyuma, mzee mrefu mkavu kama nguzo za jukwaa alizokuwa akizikodisha. Yadi ilijaa vichanganyia zege, pampu za maji, ngazi, na vishindilio vya udongo vilivyojipanga ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Mashine ya kusaga sakafu ilikuwa kwenye kona, chini ina duara pana lenye meno ya almasi, juu ina mpini wa kushika kwa mikono miwili. Pembeni yake, kama ndama kando ya ng'ombe, alisimama mwenzake wa kufyonza vumbi mwenye mpira mrefu.

Bi Kioo aliuona moyo wake unakwenda mbio kama wa bibi harusi.

"Nani atakayeiendesha?" Baba Vyuma akauliza.

"Unamtazama."

Mzee akachungulia nyuma ya Bi Kioo.

"Usitafute, baba," wifi akamwambia. "Nyuma hakuna mtu. Sisi ndio wote."

Baba Vyuma akakuna kidevu. "Mama, hii haiongozwi kwa nguvu. Inaongozwa kwa kiuno. Ukishindana nayo itakupeleka inakotaka yenyewe."

"Mimi nimeolewa siku nyingi, baba. Hayo nimeyazoea."

Mzee alicheka hadi akashika ngazi. Kuanzia hapo akawa mtu wao. Akawaonyesha namna ya kuunga mpira wa vumbi, namna ya kubadili meno, na kitu kimoja alikirudia kama anayemwagiza mtoto dukani: usiisimamishe mahali pamoja, itakuchimbia kaburi.

"Na nitajuaje kama sakafu iko tayari?"

"Dondosha tone la maji. Likinywewa, imefungua kinywa, rangi itashika. Likisimama kama ushanga, juu pana kitu. Na msiipambe, tafadhali! Rangi haitaki sakafu nzuri. Inataka sakafu yenye njaa."

Akaipakia kwenye gari lake dogo la mizigo, akawapeleka mwenyewe. Mlangoni kwa Mama Maziwa akawaambia, "Nitaifuata kabla jua halijazama. Kuna fundi anaisubiri, na huyo hana subira."

Matangi yalikuwa yametolewa, yamekaa kibarazani chini ya turubai. Chumba kilikuwa kitupu, chekundu, kinatoa mwangwi. Bi Kioo akavaa miwani ya kazi, barakoa na viatu vya mumewe vilivyojazwa soksi. Akashika mpini. Akavuta pumzi. Akawasha.

Mashine haikusubiri kutambulishwa. Ilimvuta kwenda kulia, akaivuta kwenda kushoto, ikakasirika, ikamzungusha nusu chumba hadi ukutani. Wifi alikuwa ameshapanda dirishani, sijui saa ngapi na kwa ngazi gani.

"Zima! Zima, wifi! Itakuua na kaka yako ataniuliza mimi!"

Bi Kioo akazima. Wakatazamana. Kisha wakacheka, kicheko kile cha kushika mbavu, machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu.

"Kiuno," Bi Kioo akasema alipopata pumzi. "Mzee alisema kiuno."

Akawasha tena. Safari hii hakubishana nayo. Akaiacha iende inakotaka, kisha akaegemeza nyonga kidogo, nayo ikageuka, mpole kama ng'ombe aliyeona nyasi. Akaenda nayo hadi ukutani, akarudi nayo. Akaenda, akarudi. Mwendo ule aliujua! Ulikuwa ule ule wa kitambaa, kwenda na kurudi, ila sasa mwili mzima ulikuwa umesimama na macho yalikuwa juu, yanaona dirisha, yanaona mti ng'ambo ya barabara, yanaona kichwa cha wifi kinachotikisika kwa mshangao. Akaanza kuimba ndani ya barakoa. Hakuna aliyemsikia, na hakujali.

Nyuma yake sakafu ilikuwa inabadilika. Wekundu uliondoka kwa mikanda, ukabaki ukijivu wa majivu ya jana. Mara moja tu alisimama, akaizima mashine, akatazama. Pale mlangoni ndipo alipokuwa akianzia kila Jumamosi. Miaka ya mkono wake ilikuwa imeingia kwenye mfuko wa vumbi, na mfuko ulikuwa mwepesi kuliko alivyotegemea. Akaupima tena mkononi. Kisha akaona bado nusu chumba, na furaha ikarudi ikamsukuma mgongoni.

Karibu na katikati ya mchana, meno yakawa butu. Mashine ikawa inateleza bila kula. Chumba chote kilikuwa kimesagwa isipokuwa pembe ya ndani kabisa.

"Nakwenda yadi kubadilisha," akamwambia wifi. "Wewe fyonza vumbi tu. Vumbi tu!"

"Nimesikia, vumbi."

Akapanda pikipiki ya kukodi, akaenda, akapata meno mapya, akarudi akiwa ameyakumbatia kifuani kama mayai. Getini tu, kabla hajashuka, pua yake ikamwambia. Harufu ile angeitambua hata akiwa usingizini.

"Wifi!"

"Abee!"

"Harufu gani hiyo?"

Wifi akatokea mlangoni, kitambaa cha flaneli kimening'inia begani, uso unameremeta. Nyuma yake, kuanzia kizingitini hadi mahali mtu anapofika kwa hatua zake za kwanza, sakafu ilikuwa inang'aa. Kweli ilikuwa inang'aa. Ungejitazama meno.

"Umefanya nini?"

"Mama Maziwa amepiga simu! Anakuja na wale wanunuzi wake wa mjini kuangalia. Sasa, wifi, ningewaachaje waone sakafu imepauka kama kisigino cha kiangazi? Nikasema nipitishe kidogo tu pale mlangoni, macho yao yaanze vizuri..."

Bi Kioo akayaweka meno chini. Alichovya kidole kwenye ndoo, akadondosha tone. Tone likakaa juu ya nta, duara, limenona, limetulia kama bibi harusi kwenye kiti.

Wifi alilitazama. Taratibu uso wake ukashuka.

"Yule mzee," akasema, "alisema likisimama..."

"Alisema."

"Ee, Mungu wangu." Wifi akajifunika mdomo kwa kile kile kitambaa. "Wifi, nisamehe. Mimi niliogopa. Watu watasema Bi Kioo amekwisha. Watasema tazama sakafu aliyoiacha. Nisingevumilia wakikusema."

Hasira ya Bi Kioo, iliyokuwa imeshapanda hadi kooni, ikakosa pa kwenda. Maisha yao yote, wote wawili, hawakuwahi kumkabidhi mtu sakafu isiyong'aa. Hata yeye asubuhi mkono ulikuwa umemwasha kutaka kitambaa. Akajikuta anacheka, na wifi akacheka huku analia, na jua halikuwa linawasubiri.

"Chemsha maji!" Bi Kioo akaruka. "Magadi yako wapi? Kwangua kwanza, kwangua ingali mbichi!"

Akachukua kikwangulio, na kwa mazoea ya mwili akaanza kuinama. Wifi akamdaka mkono.

"Ukipiga goti nitapiga ukunga majirani wajae hapa. Niliiweka mimi, nitaitoa mimi."

Akashuka chini kwa uzito wake wote. Akakwangua, akamwaga maji ya moto, akasugua, na Bi Kioo akayafuata maji kwa fagio, akayasukuma nje. Wakasuuza. Wakasuuza tena. Sakafu ilipokubali kuiachia nta, ikawa imelowa, na kuisaga ikiwa imelowa ni kutengeneza uji. Wakafungua milango na madirisha, jua la alasiri likapiga. Wakachukua maboksi makavu, wakaanza kuipepea, mmoja huku, mmoja huku, kwa bidii ya watu wanaowasha mkaa wakati wageni wameshaketi.

Hivyo ndivyo Mama Maziwa alivyowakuta. Wanunuzi, kwa bahati, walikuwa wamebaki garini wakiongea na simu zao.

"Shangazi. Mnaipepea sakafu?"

Bi Kioo angeweza kudanganya, na wifi alikuwa ameshafungua mdomo kumsaidia. Lakini akasema, "Tulipaka polishi hapa mlangoni kwa makosa. Tumeitoa. Ikikauka naisaga upya."

"Mmepaka polishi. Kwenye sakafu ya kupakwa rangi."

"Ndiyo."

Mama Maziwa akaitazama simu yake. "Kampuni ile iko hapo njia panda tu. Nikiwapigia watakuja leo leo. Maziwa yangu yako chini ya turubai, shangazi."

"Ngoja gari la Baba Vyuma lije kuchukua mashine. Likifika sijamaliza, piga. Sitanuna."

Mama Maziwa akasita. Kisha akaiingiza simu kwenye mkoba, lakini mkoba akauacha wazi. Akaenda kuwaaga wanunuzi wake, akarudi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Ilipokauka kiasi cha kutoacha alama ya kiganja, Bi Kioo akafunga meno mapya, akaishika mashine. Sasa hakukuwa na nyimbo. Kiuno, nyonga, ukuta, rudi. Akapitia kile kipande cha mlangoni kwa urefu, kisha kwa upana. Wifi alikuwa anahangaika na waya nyuma yake kama mshika shela, akipiga kelele ambazo mashine ilizimeza. Kivuli cha mlango kikawa kinatambaa. Akahamia pembe ya ndani iliyobaki tangu mchana, meno mapya yakaila kwa uchu, vumbi likakimbilia kwenye mpira. Jasho lilimjaa kwenye miwani hadi akawa anaendesha kwa kuhisi tu, kwa mtetemo wa mpini: hapa laini, hapa bado, hapa bado, hapa sawa.

Honi ikalia nje.

Mama Maziwa akasimama kwenye ndoo yake. Honi ikalia tena, ndefu, na Baba Vyuma akaingia akiwa ameshafungua mdomo kugomba. Akaona. Mdomo ukabaki wazi bila kazi. Bi Kioo alipitisha mkanda wa mwisho pembeni, akazima, na ukimya ukawa mkubwa hadi masikio yakaimba.

"Nani kawasaidia?" mzee akauliza.

"Hivi wewe, baba, kila siku lazima utafute mtu nyuma yetu?" wifi akamjibu.

Mzee akaomba maji. Akadondosha tone pale mlangoni, pale pale palipokuwa na nta. Wote wakachuchumaa kulizunguka, Baba Vyuma, wifi, Mama Maziwa na mkoba wake, vichwa vinakaribia kugongana. Bi Kioo peke yake alibaki wima, ameshika mpini, akilitazama kutoka juu.

Tone likakaa. Wifi akafumba macho. Kisha likatanuka kidogo ukingoni, likafifia, likaingia ndani ya saruji kama siri inavyomwingia mtu mwenye moyo mzuri. Pakabaki doa jeusi tu, nalo likaanza kukauka.

"Imekunywa!" wifi akapiga kigelegele, akamkumbatia Baba Vyuma kabla hajakumbuka kwamba wamejuana asubuhi tu. "Imekunywa, jamani, ina kiu hiyo!"

Wakajaribu kwenye pembe, wakajaribu katikati. Kote ikanywa. Mama Maziwa akapitisha kiganja juu ya sakafu, akakunja uso.

"Mbona inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe?"

"Ndivyo inavyotakiwa," Bi Kioo akasema. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anakabidhi sakafu mbaya, na hakuwahi kuringia sakafu kiasi kile. "Ilale ikauke kabisa, keshokutwa napaka rangi. Matangi yako yatakaa hapa hadi wajukuu zako wachoke kuyaona."

Mama Maziwa akafunga mkoba. "Ukimaliza hapa," akasema, "tuanze na ghala."

Bi Kioo akaitikia kwa kichwa. Magoti yalikuwa yanauma, ndiyo, lakini yalikuwa yanauma kama ya mtu aliyecheza ngoma, si kama ya mtu aliyepiga magoti kuomba.

Baba Vyuma alikuwa ameshaanza kuisukuma mashine kuelekea garini. Katikati ya njia akasimama.

"Yule fundi anayeisubiri," akasema bila kugeuka, "mara ya mwisho alipoichukua aliiacha sakafu ya mtu ina matuta kama shamba la viazi. Anashindana nayo. Mwanamume yule hana kiuno kabisa." Akajikohoza. "Panda gari, mama. Ukamwonyeshe. Akikubali kukulipa, na atakubali maana nitamkatalia mashine, basi nina wengine kama yeye, tele."

Bi Kioo alimtazama wifi, akatazama viatu vya mumewe vilivyojaa vumbi, akacheka kile kicheko cha asubuhi. Akavua barakoa, akapanda mbele, karibu na dereva, mahali pa watu wenye kazi zao.

"Na mimi je?" wifi akauliza kutoka mlangoni.

"Wewe kaa hapo uilinde sakafu."

"Niifanye nini?"

"Usiifanye chochote!" Bi Kioo akapaza sauti, gari limeshaondoka, kichwa chake kiko nje ya dirisha. "Wifi! Umenisikia? Hata ikikutazama vibaya, usiiguse!"

Wifi akakaa kizingitini, akaingiza mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.